Mstari wa Mia Mbili na Saba

Nchi ninayotaka kuwasimulia imepakana na nchi zote, kwa hiyo popote ulipo, msomaji, ni jirani yako. Jina lake silitaji. Serikali ya huko hulibadilisha kila inapobadilisha Baraza la Mawaziri, na mimi sipendi kuonekana nimepitwa na wakati.

Nchi hiyo ilikuwa na data nyingi na nzuri: orodha ya vijiji, wagonjwa wa kila zahanati, mvua ya kila msimu, watoto wa kila darasa. Kwa miaka mingi data hizo zilikaa kwenye mashine za kukodi huko ughaibuni, na hakuna aliyekosa usingizi kwa ajili hiyo, mpaka siku Waziri wa Data, Takwimu na Heshima ya Taifa, Mheshimiwa Balozi Daktari Mhandisi Kisiki Mbaramwezi, alipopanda jukwaani uwanja wa mpira.

"Ndugu wananchi," alisema, "mzee mwenye meno ya bandia, akitaka kulala, huyaweka wapi?"

"Kwenye glasi!" wananchi wakajibu.

"Glasi ya nani?"

"Yake mwenyewe!"

"Sasa mbona sisi meno yetu tumeyaweka kwenye glasi ya jirani?"

Watu walipiga makofi kwa nguvu sana. Wazee kadhaa waliziba midomo kwa leso, nadhani kwa uchungu wa kizalendo.

Basi meno yakarudishwa nyumbani. Ilinunuliwa seva, mashine ya kuhifadhi data na kuzigawa kwa yeyote atakayeziomba kwa mtandao, na likajengwa Jengo la Uhuru wa Data, lenye ukumbi wa marumaru wa kupokelea wageni. Kiyoyozi kilifungwa ukumbini, kwa kuwa humo ndimo ilimotundikwa picha ya Waziri. Mashine yenyewe ilipewa chumba kilichokuwa kimekusudiwa kwa mifagio. Ilipoanza kupata joto, fundi wake aliileta karibu na dirisha akaiwekea feni ya kutoka kwake nyumbani.

Fundi huyo aliitwa Sikudhani Mlangwa. Alikuwa na miaka thelathini na minne, cheo cha fundi daraja la tatu, na katika Wizara nzima yenye watu mia mbili na kumi na wanne, yeye peke yake ndiye aliyejua mashine ile inafanya nini. Wengine wote walikuwa viongozi.

Na kwa kweli mashine haikuwa na maajabu. Ilitii faili moja la maandishi matupu, faili la mipangilio. Humo Sikudhani alikuwa ameandika, mstari baada ya mstari, data zikae wapi, mlango upi wa mtandao ufunguliwe, nani aruhusiwe kusoma na nani asiruhusiwe. Kisha chini yake vijiji vyote vya nchi, kila kijiji na mstari wake. Kijiji chenye mstari, mashine ilikitambua. Na kwa kuwa Bohari ya Dawa, Idara ya Maji, Baraza la Mitihani na hata walinzi wa mageti ya Serikali walisoma orodha kutoka mashine hiyo hiyo, kijiji kilichotambuliwa na mashine kilikuwa kimetambuliwa na dunia.

Mambo yalikwenda vizuri kwa miezi mitano. Kasoro kama hii haiwezi kuvumiliwa muda mrefu.

*

Asubuhi moja Waziri alikuja kukagua. Alisimama mbele ya skrini mikono nyuma, akasoma faili kwa muda, akaguna.

"Hili ndilo linaloiongoza mashine?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," Sikudhani alijibu.

"Na mashine ndiyo inayohudumia nchi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na faili kaliandika nani?"

"Mimi, Mheshimiwa."

Waziri akamgeukia Mkurugenzi wa Mafaili, Bwana Ludovick Nyakunga, mtu mwembamba, nadhifu, ambaye hakuwa amewahi kuvuka kizingiti cha chumba kile. "Ludovick, una maana nchi hii inaongozwa na fundi daraja la tatu?"

"Ilikuwa, Mheshimiwa," Bwana Nyakunga alisema, akitazama saa yake. "Mpaka saa nne kasorobo hii."

Ikaundwa Kamati ya Kitaifa ya Mistari, yenye wajumbe kumi na mmoja na Bwana Nyakunga mwenyekiti wao. Kamati ilikaa wiki tatu hotelini kando ya ziwa ikarudi na taratibu mbili. Ya kwanza: mstari wowote uliomo kwenye faili hautabadilishwa bila barua ya serikali ya kijiji kinachohusika, yenye mhuri, na kuridhiwa na wajumbe wote. Ya pili: kuongeza mstari mpya kutahitaji sahihi ya Waziri tu, kwa sababu Taifa linakua, na ukuaji hauchelewi kwa ajili ya vikao. Faili likachapishwa kwenye karatasi, kila ukurasa ukagongwa mhuri, kisha Sikudhani akaulizwa kama mhuri umefika kwenye mashine. Akasema umefika. Alikuwa amejifunza.

Baadaye Waziri aligundua kwamba faili lilikuwa linaanza ghafla tu, kama mtu anayeingia ndani bila hodi. Akaamuru liongezwe utangulizi: *Kwa idhini na busara za Mheshimiwa Balozi Daktari Mhandisi Kisiki Mbaramwezi, Mlezi wa Takwimu, Baba wa Seva.* Sikudhani akauandika. Mashine ikagoma papo hapo ikasema haielewi amri hiyo.

"Haielewi?" Waziri alishtuka. "Neno gani hailielewi? Ni Mhandisi?"

"Hailielewi lote, Mheshimiwa. Lakini ipo njia." Sikudhani alibonyeza alama ya reli, ile inayokaa pembeni ya sifuri kwenye simu, akaiweka mwanzoni mwa mstari. Mashine ikaamka. "Mstari ukianza na reli, mashine inaupita. Binadamu anausoma, mashine haiushughulikii."

"Inaupita kwa heshima?"

"Kwa heshima kubwa, Mheshimiwa."

Waziri aliridhika. Siku hiyo hiyo aliomba pia mstari wa wilaya aliyozaliwa usogezwe mbele kidogo kuliko mistari mingine, nafasi mbili tu, ili itangulie. Mashine ile ilikuwa na kichaa cha nafasi: hata nafasi moja tupu ikizidi mwanzoni mwa mstari, ilikataa kusoma faili zima. Nchi nzima ikakaa bila data tangu saa sita mpaka jioni, na magazeti yakaandika kwamba Serikali imeipumzisha seva.

Lakini Bwana Nyakunga hakuwa akisikiliza habari za nafasi. Alikuwa amebaki kwenye reli.

"Kwa hiyo mstari upo," alimuuliza Sikudhani, Waziri alipokwisha kuondoka, "na wakati huo huo haupo?"

"Kwa mashine haupo, Bwana Mkurugenzi."

"Ajabu," alisema Bwana Nyakunga taratibu. "Kama wabunge wa upinzani."

*

Mwezi wa nne nchi ilipata heshima ya kuandaa Mkutano wa Nchi Safi. Wangekuja wajumbe kutoka mataifa arobaini kujifunza jinsi nchi ile ilivyotokomeza maradhi ya uchafu, na katika ukumbi wa mkutano iliwekwa skrini kubwa kama ukuta, inayoonyesha data za afya moja kwa moja kutoka kwenye seva ya Taifa. Vijiji vyote vilikuwa vya kijani. Vijiji vyote isipokuwa Kisimakiu.

Kisimakiu kilikuwa kijiji cha kusini, kaya mia tatu na kitu, chenye kisima kimoja na zahanati moja. Mstari wake kwenye faili ulikuwa wa mia mbili na saba. Jumatatu asubuhi, siku mbili kabla ya wageni, kando ya jina hilo paliwaka wekundu: *kipindupindu, wagonjwa 31, waliofariki 2*.

Bwana Nyakunga alifika chumba cha mifagio akafunga mlango nyuma yake.

"Bi. Sikudhani, ile reli yako. Ukiiweka mbele ya kijiji, kijiji kinafutika?"

"Hakifutiki. Mstari unabaki pale pale. Ila mashine itakipita."

"Kwa hiyo hatutakuwa tumemfuta mtu yeyote."

"Bwana Mkurugenzi, Bohari ya Dawa inasoma hapa hapa. Kijiji kikipitwa, na dawa..."

"Nimeuliza habari ya kufuta, dada, sijauliza habari ya dawa. Siku nne tu. Wageni wakipanda ndege, unaiondoa."

"Taratibu zinasema kubadilisha mstari kunahitaji barua ya kijiji."

Bwana Nyakunga alimtazama kwa upole, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyekaririshwa vibaya. "Mstari haubadiliki. Kila herufi itabaki mahali pake. Tunauvalisha kofia tu."

"Basi naomba niandikiwe, Bwana Mkurugenzi. Hata karatasi ndogo."

"Mdomo wangu ndiyo karatasi." Akatoa kalamu mfukoni, akaichezea, akairudisha. "Mkataba wako unakwisha mwezi ujao, eti? Na nimesikia unasomesha wadogo zako wawili. Nchi yetu inawapenda sana watu wanaosomesha."

Alitoka bila kufunga mlango. Sikudhani alikaa akitazama mstari wa mia mbili na saba. Alifikiri kumpigia mtu simu, akapitia majina yote kwenye simu yake, akaona kila aliye juu yake alikuwa mjumbe wa Kamati. Alijiambia kwamba siku nne si nyingi. Alijiambia kwamba huenda zahanati ilikuwa na akiba. Kisha akabonyeza kitufe kimoja, mara moja, na kuhifadhi.

Madaktari wa dunia wamehangaika na kipindupindu kwa karne nyingi, wakichemsha maji na kuchimba vyoo. Nchi ile ilikimaliza kwa kidole cha shahada. Skrini ya ukumbini ikawa kijani kote, Waziri akatangazwa kuwa mshindi wa Nishani ya Mikono Safi, na redio ikakatisha matangazo ya vifo ili kusoma pongezi.

*

Saa hiyo hiyo, Bohari ya Dawa, lori lilikuwa limekwisha kupakiwa: katoni za dripu, pakiti za chumvi ya wanaoharisha, ndoo za dawa ya kutibu maji. Dereva aliwasha gari, karani akatazama mashine yake kuchapa hati ya safari, na mahali pa kufikia pakatoka patupu. Dereva akauliza anakwenda wapi. Karani akasema kulingana na hati, haendi popote. Dereva, ambaye alikuwa mtumishi mtiifu, akazima gari.

Muuguzi wa zahanati ya Kisimakiu, Bi. Stamili Ngwale, alipiga simu mara saba siku ile na mara tisa siku iliyofuata. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza kwa miaka ya kuwafokea watu wachemshe maji. Bohari walimsikiliza kwa adabu wakamwambia kijiji anachokitaja hakipo kwenye orodha. Alipowauliza, basi yeye anapiga simu kutoka wapi, walisema swali hilo aelekeze Idara ya Mawasiliano.

Alhamisi alfajiri alimwachia zahanati mkunga wa jadi na walimu wawili wa shule ya msingi, akasafiri kwenda mji mkuu. Alifika Wizarani Ijumaa asubuhi, gauni lake jeupe la kazi likiwa bado na madoa.

"Unatoka wapi, mama?" mlinzi wa geti alimuuliza, vidole vikiwa juu ya kibodi.

"Kisimakiu."

Mlinzi aliandika, akasubiri, akaandika tena. "Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna unakotoka. Mgeni lazima awe ametoka mahali, mama. Ndiyo utaratibu. Siwezi kumwingiza mtu ambaye hajaondoka popote."

"Mwanangu, nitazame. Hivi mimi nimeota hapa getini?"

"Sisemi umeota," alijibu mlinzi, aliyekuwa mtu mwenye moyo mzuri. "Ninasema hujafika."

Sikudhani alikuwa akirudi kutoka kunywa chai. Alilisikia jina la kijiji akiwa hatua kumi kutoka getini, na miguu yake ikasita yenyewe. Kisha akaja, akamwambia mlinzi huyu ni mgeni wake, ametokea nyumbani kwake, na mlinzi akaandika hivyo kwa furaha.

Alimpeleka chumba cha mifagio akampa kiti kimoja kilichokuwamo. "Shikamoo mama. Pole kwa safari. Pole sana. Pole."

"Marahaba." Bi. Stamili alifungua mkoba, akatoa daftari la zahanati, akaliweka juu ya kibodi. "Nimezuiwa mageti manne ya Serikali tangu saa mbili. Kila mlinzi ananionyesha skrini. Sasa mimi nakuonyesha karatasi. Soma."

Sikudhani akasoma. Wagonjwa walikuwa hamsini na wanane. Yalikuwamo majina yaliyopigwa mstari.

"Hawa waliopigwa mstari..."

"Tisa mpaka nilipoondoka, saba kati yao tangu Jumatatu. Wa mwisho alikuwa fundi cherehani wetu, aliyewashona sare watoto wote wa shule. Alikufa akiniuliza lori limefika wapi. Nikamwambia limekwisha vuka mto." Akafunga daftari. "Dripu niliziacha sita. Nataka mtu mmoja katika jengo hili aniambie: tumekosa nini, hata tusiwepo?"

Sikudhani alifungua mdomo. Alitaka kusema, na nina hakika alikuwa anasema, lakini kilichotoka kilikuwa: "Nisubiri hapa, mama. Naja."

*

Bwana Nyakunga alikuwa akijaribu tai ya mkutano mbele ya kioo.

"Haiondoki," alisema.

"Bwana Mkurugenzi, ulisema siku nne. Leo ya tano. Watu saba wamekufa tangu..."

"Wamekufa wapi?"

"Kisimakiu!"

"Bi. Sikudhani, hiyo si sehemu." Akakaza fundo. "Fikiri vizuri. Mheshimiwa amepewa nishani kwa kipindupindu sifuri. Kijiji kikirudi, nishani irudi? Tumwaibishe mtu mzima mbele ya mataifa arobaini? Tena kuiondoa reli ni kubadilisha mstari. Lete barua ya serikali ya kijiji, yenye mhuri."

"Kijiji hakitambuliki. Mhuri wake hautakubaliwa."

"Naona unaanza kuelewa taratibu."

"Mbona kuiweka hakukuwa kubadilisha?"

"Wakati ule mstari ulikuwa haujaizoea kofia," alisema Bwana Nyakunga. "Sasa ndiyo sura yake. Na usijaribu ujanja. Kuanzia jana Kamati inakagua mstari wa mia mbili na saba kila baada ya saa mbili, na reli isipoonekana, wewe utaonekana mahakamani."

Sikudhani alirudi ngazi moja moja. Kwenye kona ya ghorofa ya kwanza kulikuwa na fremu yenye taratibu mbili za Kamati, zimeandikwa kwa wino wa dhahabu. Alikuwa amezipita kila siku. Safari hii alisimama akazisoma kama mtu anayesoma dawa kabla ya kuinywa, na alipofika ya pili, akairudia.

Chumbani alivuta karatasi. "Mama, kama kijiji chenu kingepewa jina jingine, mngekataa?"

"Kiite hata Shimo la Taka," alisema Bi. Stamili, "ilimradi lori lifike."

Wakaandika barua pamoja. Wananchi wenye shukrani wa makazi mapya ya kusini waliomba, kwa unyenyekevu, makazi yao yaandikishwe na yaitwe kwa jina la mtu waliyemwona anafaa kukumbukwa nao daima. Bi. Stamili akatia sahihi kwa niaba yao. Sikudhani alimweleza pia jambo moja, bila kuficha: Bohari haitumi dripu mahali pasipo na wagonjwa. Mstari mpya ukiingia, Bi. Stamili atume idadi yake yote kwa simu, chini ya jina jipya, na idadi hiyo itaonekana kila mahali.

"Kila mahali wapi?"

"Kila mahali, mama."

"Ndivyo inavyotakiwa kuonekana," alisema muuguzi.

Waziri alikuwa anavishwa koti la hotuba ya kufunga mkutano wakati Sikudhani alipofikishwa mbele yake. Alisoma barua mpaka pale palipoandikwa jina lake, akaacha kusoma.

"Kijiji kizima? Mbaramwezi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kiko wapi?"

"Kusini, Mheshimiwa."

"Kina watu?"

"Wapo. Ila wanapungua."

"Wataongezeka," alisema Waziri kwa hisia. "Watu hufuata jina." Akatia sahihi mara mbili, ya pili ikiwa ya urembo tu, akaagiza mstari uingie kabla hajapanda jukwaani, ili akipata nafasi autaje.

Uliingia saa tano na dakika kumi, mwishoni kabisa mwa faili, bila reli, nafasi zake zimekaa sawa. Mahali pa kijiji, nyuzi za ramani na zahanati vilikuwa vile vile vya mstari wa mia mbili na saba, ambao Kamati iliukagua saa sita ikakuta umevaa kofia yake, ikaondoka imeridhika. Bi. Stamili alituma idadi akiwa amekaa juu ya ndoo, maana kiti alikuwa amemrudishia mwenyewe. Saa tano na dakika ishirini karani wa Bohari alishtuka kuona hati inajichapa. Dereva akawasha gari.

*

Ukumbini, Mheshimiwa Mbaramwezi alikuwa amefika kwenye sehemu ya hotuba inayohusu yeye.

"Mnaponitazama mimi," aliwaambia wajumbe wa mataifa arobaini, "mnaitazama afya yenyewe. Geuzeni macho muone skrini! Nyinyi mna hospitali. Sisi tuna uongozi."

Wajumbe wakageuza macho. Skrini kubwa kama ukuta, ya kijani toka pembe hadi pembe, ilikuwa imepata doa jekundu, na kando ya doa herufi zenye urefu wa mtu mzima: *MBARAMWEZI. KIPINDUPINDU. 58.*

Waziri, akiwa ameipa skrini mgongo, aliona wageni wameshangaa, akadhani ni fahari. "Naam!" alisema. "Hayo ndiyo matunda ya miaka yangu mitatu!"

Mjumbe wa mstari wa mbele, aliyekuwa amemshika mkono Waziri asubuhi, alianza kuutazama mkono wake. Kisha akainuka polepole kwenda kutafuta sabuni. Akafuatwa na jirani yake. Baada ya dakika tano foleni ya kunawa ilikuwa imetoka mlango wa msalani, imezunguka ukumbi, na imefika nyuma ya jukwaa, ambako balozi mmoja mstaarabu alimwachia Waziri nafasi apite kwanza.

Bwana Nyakunga alikimbia mpaka chumba cha mifagio, tai ikiwa begani. "Reli! Weka reli!"

"Kuweka reli si kubadilisha mstari?" Sikudhani aliuliza.

"Si kubadilisha! Weka!"

"Juu ya jina la Mheshimiwa Waziri? Asipitwe kwa heshima, apitwe kabisa?" Akamsukumia kibodi. "Kitufe ni hiki, Bwana Mkurugenzi. Ni kimoja tu. Mimi nilikwisha kubonyeza mara moja."

Bwana Nyakunga alikitazama kitufe kile kwa muda mrefu. Hakukigusa. Mdomo wake ulikuwa karatasi, lakini kidole chake kilikuwa na mkataba pia. Akarudi ukumbini kwa miguu ya mtu anayetafuta la kusema, na lori likavuka mto bila kusimamishwa na yeyote.

*

Msije mkadhani nchi ile haina uwajibikaji. Jioni hiyo hiyo Waziri alitangaza redioni kwamba yeye, kwa hiari yake, ameamua kulibebesha jina lake mzigo wa wagonjwa ili wananchi wasiubebe peke yao, na kwamba hakuna waziri duniani aliyewahi kujitolea kiasi hicho. Akapewa nishani ya pili. Tume ya uchunguzi iliundwa, Bwana Nyakunga akiwa mwenyekiti, nayo ilitoa taarifa ndani ya muda. Ilionekana kwamba huko Kisimakiu hakufa mtu, kwa kuwa kijiji hakikuwapo. Na huko Mbaramwezi hakufa mtu kabla ya Ijumaa saa tano na dakika kumi, kwa kuwa ndipo kilipozaliwa. Waliokufa wakisubiri, jumla sifuri.

Kwa hesabu ya daftari la zahanati walikuwa kumi na mmoja.

Sikudhani hakufukuzwa kazi. Kumfukuza kungehitaji kueleza sababu, na kila karatasi ilikuwa na sahihi ya Waziri, tena mbili. Alipewa likizo isiyo na tarehe ya kurudi. Alikaa nyumbani wiki moja, akafua nguo zote, akazifua tena, kisha akafunga mfuko akasafiri kusini siku moja na nusu.

Kijijini alikuta Serikali imekwisha simika kibao kikubwa cha chuma: KARIBU MBARAMWEZI. Kilikuwa na miguu minne imara, na watu walikuwa wamekianikia mihogo.

Bi. Stamili alikuwa kisimani, kanga kiunoni, anapima dawa ya maji kwa kifuniko cha chupa. Aliinua macho, hakuonyesha kushangaa. Wakasalimiana. Sikudhani akaulizia wagonjwa. Wanne walikuwa bado wamelazwa, wanakunywa uji wenyewe. Kisha akabaki amesimama na mfuko wake mkononi.

"Mama," alisema mwisho, "ile alama. Aliyeiweka ni mimi. Mkurugenzi aliniamuru, lakini kidole kilikuwa changu."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa kwenye kiti chako."

"Na hukusema neno?"

"Ningesema, ungeanza kulia, au ungeanza kujitetea. Sikuwa nimesafiri kwa hayo. Nilikuwa nimefuata dripu." Bi. Stamili alimimina dawa kwenye ndoo, akakoroga kwa mti. "Na usinitazame hivyo, sijasema nimekusamehe. Wale kumi na mmoja wana watu wao. Mke wa fundi cherehani anakaa nyumba ile yenye bati jipya. Utakwenda mwenyewe, utamwambia ulivyoniambia mimi, na atakalokujibu ni lake."

Sikudhani aliitazama nyumba ile. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa barazani mbele ya cherehani isiyokuwa na nguo juu yake.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi ananyonyesha. Mwache amalize." Bi. Stamili akamsogezea ndoo. "Shika huku. Bado kaya arobaini hazijatiliwa dawa ya maji, na jua linapanda."

Sikudhani akaweka mfuko chini, akashika.